Wawili Juu ya Paa la Posta

Alikuwa anatafuta ufa, akamkuta mchumba wake.

Ilikuwa Jumatano, saa mbili na nusu asubuhi, ndani ya kontena la bluu lililogeuzwa ofisi ya ukaguzi, pembeni mwa shimo ambalo lingekuja kuwa msingi wa jengo la ghorofa kumi na mbili. Feni ilizunguka kwa kujilazimisha. Mbele yake kulikuwa na skrini kubwa, na ndani ya skrini mtaa mzima umetandazwa: nyumba, mapaa, mifereji, ukuta wa shule, daraja la waenda kwa miguu, hata kamba za kuanikia nguo. Haikuwa picha ya kawaida. Ilikuwa modeli, kitu unachokizungusha kwa kipanya ukakitazama juu, chini na ubavuni, kama mtu anavyogeuzageuza nyanya kabla ya kununua. Droni ilikuwa imepita mara mbili juu ya mtaa huo ikapiga picha elfu kadhaa, kisha kompyuta ikazishona zote zikawa mtaa mmoja.

Kazi yake ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Shimo likichimbwa, ardhi ya jirani husogea. Ardhi ikisogea, kuta hupasuka. Kuta zikipasuka, wenye nyumba huja juu. Kwa hiyo lazima awepo mtu anayeujua kila ufa wa mtaa, urefu wake na upana wake, na kama mwezi huu umekua au umetulia. Kwa miaka sita mtu huyo alikuwa yeye, na ngazi yake, na tochi yake, na kadi ya plastiki yenye mistari ya kupimia. Wakazi walimpachika jina la Bi Nyufa, naye akalipokea bila kinyongo. Mwezi uliopita mradi ulileta mitambo mipya, akaambiwa kwamba sasa nyufa zitatafutwa kwanza kwenye skrini, yeye atapanda kuzigusa zile zenye shaka tu, kisha atie sahihi. Hakupenda. Alisimama kwenye kikao akasema wazi kwamba picha haina vidole.

Aliyecheka kikaoni hapo alikuwa Mwewe, rubani wa droni, aliyepewa jina hilo na mafundi kwa sababu ya kazi yake ya kuzungukazunguka juu ya vichwa vya watu. Alicheka, halafu walipotoka nje akamwambia kwa sauti ya chini, "Lakini mimi vidole ninavyo." Bi Nyufa naye akacheka, maana nani angeweza kununa mbele ya meno yale? Sasa walikuwa wamebakiza wiki tatu kufunga ndoa.

Basi asubuhi hiyo aliipitia modeli nyumba kwa nyumba mpaka akafika kwenye posta ya zamani, jengo la ghorofa mbili lenye paa bapa, lililopakana kabisa na shimo. Kwenye ukuta mfupi unaozunguka paa palikuwa na mstari mweusi uliomtia wasiwasi. Akaukuza. Akazungusha modeli ili auone kwa ndani.

Na pale, kando ya tangi la maji, walisimama watu wawili.

Sura zao zilikuwa zimevurugika kama sabuni iliyosahauliwa kwenye maji, kwa sababu kompyuta haiwezi kumshona vizuri mtu anayepumua. Lakini hakuhitaji sura. Kile kizibao cha rangi ya chungwa kilikuwa na kiraka mgongoni, na kiraka hicho alikitia yeye kwa mkono wake. Mabega yale aliyajua, jinsi moja linavyoshuka kidogo kuliko la pili. Mwenzake alikuwa mwanamke mwembamba, mtandio wa manjano umechomoza chini ya kofia ngumu. Katika mradi mzima mtandio wa manjano ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa wa Mtaalamu.

Mtaalamu ndiye aliyeitengeneza modeli yenyewe. Alikuja pamoja na zile kompyuta, barua yake ya utambulisho ikimtaja kuwa mtaalamu wa modeli za kidijitali, na mafundi, ambao hawana muda na maneno marefu, wakachukua la kwanza wakaacha mengine. Alikuwa mpole, mnyamavu, mzuri bila kujijua, au anajijua na kujifanya hamnazo. Bi Nyufa hakuwahi kukata shauri. Kutwa alikaa na Mwewe wakipanga njia za droni. Kutwa nzima, vichwa viwili juu ya meza moja. Bi Nyufa alikuwa amejiambia mara mia kwamba ni kazi tu.

Na mkono wa Mwewe ulikuwa umelala juu ya bega la Mtaalamu.

Alizungusha modeli kwa upande wa shimo, mkono uko begani. Akazungusha kwa upande wa barabara, uko begani. Akapanda juu kama ndege, uko begani, umetulia, wala hauna haraka. Hapo ndipo ubaya wa modeli ulipo. Picha ya kawaida unaweza kujidanganya kwamba ni kamera tu imekaa vibaya, lakini hii unaizunguka pande zote na kila upande inakupa jibu lile lile.

Mwewe alikuwa amepanda paa lile mara moja tu, Jumamosi. Na Jumamosi ndiyo siku ambayo watu wake walikuja nyumbani kwa kina Bi Nyufa kupanga tarehe. Walikaa tangu saa tano, wamenyooka kwenye viti kama wanaosubiri kupigwa picha, shangazi yake Bi Nyufa akitazama saa ya ukutani kila baada ya neno la tatu. Bwana harusi mtarajiwa akaingia saa saba, ana vumbi kichwani, akiomba radhi. Upepo, alisema. Ilibidi asubiri upepo utulie ndipo aishushe droni. Bi Nyufa alimuuliza baadaye, kwa utani, kama alikuwa na mtu huko juu. "Peke yangu," alisema Mwewe. "Hata njiwa hakuwepo."

Aliinuka, akakaa, akainuka tena. Hakuzima kompyuta, hakufunga mlango.

Mwewe alikuwa nyuma ya ghala, amechuchumaa mbele ya droni, akifuta mapanga yake kwa kitambaa, moja baada ya jingine, kwa upole aliokuwa nao kwa kila kitu. Siku nyingine Bi Nyufa angesimama kidogo amtazame tu. Alikuwa akiipenda ile mikono kuliko alivyowahi kukiri.

"Jumamosi ulikuwa na nani juu ya paa la posta?"

Mwewe aliinua uso akitabasamu. "Habari za asubuhi na kwako pia."

"Nimekuuliza."

"Nilikuwa na droni." Tabasamu lilianza kupungua. "Kuna nini?"

"Ulikuwa na nani?"

"Peke yangu. Si nilishakwambia?"

"Na Mtaalamu alikuwa wapi?"

"Jumamosi? Sijui. Kwake. Hakuja kazini Jumamosi." Alisimama, akakitupa kitambaa begani. "Mama, hebu kaa. Nani amekwambia nini?"

Alizoea kumwita hivyo, mama, kwa kumdekeza, na siku hiyo neno lilimchoma Bi Nyufa kama anadhihakiwa.

"Sijaambiwa na mtu. Nimeona. Kwa macho yangu haya mawili. Wewe na yeye, pale kwenye tangi, na mkono wako uko begani kwake."

"Umeona wapi?"

"Kwenye modeli."

Mwewe akacheka, si kwa furaha, ni kile kicheko kinachomtoka mtu akikosa la kufanya, lakini Bi Nyufa alikisikia kuwa dharau, na damu ikamchemka.

"Cheka. Wazee wamekaa saa mbili nzima, baba yako anapiga miayo, mimi nakutetea jikoni kwa shangazi, kumbe mwenzangu unapunga upepo na mtoto wa watu."

"Sikuwa naye."

"Basi yule ni nani?"

"Sijui. Sijaiona hiyo modeli. Mimi napiga picha, kuunganisha ni kazi yake."

"Twende basi ukaone."

"Siendi."

"Kwa nini huendi, kama huna hatia?"

"Kwa sababu sitaki kwenda kujitetea mbele ya skrini." Sauti yake ilikuwa imeshuka, na Bi Nyufa alimjua vya kutosha, akishusha sauti, amekasirika. "Nimekwambia nilikuwa peke yangu. Kama neno langu halikutoshi, picha haitanisaidia. Na nikuulize kitu. Ni wewe uliyesimama mbele ya mameneja ukasema picha haiaminiki mpaka mtu aguse. Hata ufa wa nywele huuamini ukiwa kwenye skrini. Lakini kunihukumu mimi, picha inatosha?"

Lilimgusa, neno hilo. Liligusa pale penyewe, na kwa sababu hiyo hakutaka kulisikia. Alijikuta anavuta pete kidoleni. Ilikwama kwenye kifundo, akaivuta kwa nguvu mpaka ikatoka, akaiweka juu ya boksi la droni.

"Usiiweke hapo," alisema Mwewe. "Itadondoka."

Aliichukua, akaitazama kidogo kwenye kiganja, akaitia mfukoni mwa shati na kufunga kifungo. Kisha akachuchumaa tena mbele ya droni yake, akampa mgongo, ule wenye kiraka.

Bi Nyufa alilia chooni, kwa sababu kwenye mradi wenye wanaume tisini hakuna mahali pengine pa mwanamke kulia. Alipomaliza akanawa uso, akampigia simu shangazi yake. Hilo lilikuwa kosa lake la pili siku hiyo, na alilijua kabla simu haijapokelewa.

Shangazi ndiye aliyemlea. Alikuwa mwanamke wa mwili mkubwa na maneno makubwa zaidi, na tangu siku ya kwanza hakumtaka Mwewe.

"Nilisema mimi," alisema, wala hakusubiri hadithi iishe. "Sikusema? Mtu mzima na ndevu zake, kazi yake kuchungulia mapaa ya watu. Leo anachungulia nyufa, kesho anachungulia nini?"

"Shangazi, sijamaliza."

"Umemaliza. Mkono begani umemaliza kila kitu. Na anafanana na nani huyo msichana?"

"Mwembamba."

"Wembamba ndio wabaya. Basi futa machozi. Mimi nampigia mama yake sasa hivi."

"Hapana, shangazi, subiri kwanza. Naomba usimpi—"

Simu ilikuwa imeshakatwa. Bi Nyufa alipiga tena, inatumika. Akapiga tena, inatumika. Alisimama pale na simu mkononi, akihesabu dakika, na kila dakika iliyopita alijua upande wa pili mama mkwe wake, mwanamke mtaratibu aliyemkumbatia mlangoni Jumamosi na kumwita binti yangu, alikuwa anaambiwa kwamba amezaa mhuni.

Aliogopa sasa. Hasira ilikuwepo bado, lakini chini yake woga ulikuwa umejipenyeza, kwamba huenda jambo hili halitarudi lilikotoka hata likitakiwa kurudi.

Saa nane msimamizi wa mradi alipita akimuuliza kama ameshatia sahihi ripoti ya posta. Hakuwa ametia. Ufa wa kwenye ukuta wa paa ulikuwa haujaguswa. Kazi ni kazi. Alichukua kadi yake na tochi akavuka barabara, akapanda ngazi ya chuma iliyoshikizwa ubavuni mwa jengo, akitukana kimoyomoyo kila aliyewahi kupanda ngazi hiyo kabla yake.

Ufa haukuwa kitu. Ulikuwa doa la lami. Aliupitisha ukucha, ukucha ukateleza. Siku nyingine angeshuka anacheka, apate la kuwatambia wenye skrini zao kwa mwezi mzima. Safari hii aliandika tu, akageuka.

Tangi lilikuwa pale. Jeusi, la plastiki, na mbele yake limesimama bomba la chuma lililomfika begani. Bi Nyufa alilitazama. Akasogea karibu. Hakukumbuka kuliona bomba hilo kwenye modeli.

Alisimama mahali aliposimama yule mwenye mtandio wa manjano. Alipakumbuka vizuri, alikuwa amepakodolea macho asubuhi nzima. Akarudi nyuma hatua moja, na bomba likamgonga mgongoni, katikati ya mabega. Akasogea mbele, akageuka, akanyoosha mkono wake kutoka mahali aliposimama Mwewe. Mkono ulifika juu ya bomba wenyewe, bila kujitahidi, kama mtu anayepumzika. Akakaa hivyo muda mrefu na kiganja juu ya chuma cha moto.

"Alikuwa ameshika hilo," sauti ilisema nyuma yake.

Mtaalamu alikuwa amefika juu ya ngazi. Alikuwa anahema, kofia imekaa upande, na uso wake umepauka.

"Nimeingia kontenani nikakuta umeiacha wazi," alisema. "Nikaona ulipoishia. Nimekutafuta kila mahali, dada."

"Usiniite dada."

"Sawa."

"Jumamosi mlikuwa hapa."

"Yeye alikuwa hapa Jumamosi. Mimi nilikuja Jumatatu. Upepo ulimkatisha, nusu ya paa ikabaki haijapigwa. Jumatatu mlikwenda kwa fundi cherehani, wewe na yeye, kwa hiyo niliirusha mimi. Ile droni ukishaipangia njia inajiendesha yenyewe, unasimama tu na kuitazama. Halafu nikaunganisha picha za siku mbili zikawa modeli moja. Modeli haijui siku. Inajua mahali tu. Aliyesimama hapa Jumamosi na aliyesimama hapa Jumatatu, kwake wote wapo, na bomba likamezwa na mgongo wangu."

"Unanidanganya."

"Nenda katazame vivuli. Chake kimelala upande wa barabara, ilikuwa asubuhi. Changu kimelala upande wa shimo, ilikuwa jioni. Watu wawili bega kwa bega, vivuli vimepeana mgongo. Hukuviona?"

Hakuviona. Miaka sita ya kutazama kitu chembamba kama uzi na kusema hiki ni kipya, hiki ni cha zamani, na hakuona vivuli viwili vyenye ukubwa wa milango. Aliketi juu ya ukuta mfupi. Mwewe alisema kweli. Alikuwa peke yake, hata njiwa hakuwepo. Furaha na aibu zilimjia pamoja, hata hakujua aanze na ipi.

Lakini mkaguzi ni mkaguzi. Alipotulia kidogo akainua macho akalitazama paa lote, kuanzia ngazi mpaka ukuta wa mbali. Lilikuwa paa la kuchezea mpira.

"Kwa nini pale?" aliuliza.

Mtaalamu aliirekebisha kofia.

"Nafasi yote hii. Kwa nini usimame pale penyewe, mgongo kwenye bomba?"

"Nilikuwa..."

"Picha za Jumamosi ulikuwa umeshaziona?"

"Ndiyo."

"Ulijua amesimama wapi."

"Ndiyo."

"Na mkono wake uko wapi."

Mtaalamu alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili. "Nilipima," alisema.

Kelele za mtambo wa kuchimbia zilipanda kutoka shimoni, zikatulia. Wivu ule ule wa asubuhi ulimrudia Bi Nyufa, ila sasa ulikuwa umepata sababu.

"Nilitaka kuona tu," alisema Mtaalamu. "Mara moja. Tungekaaje. Watu huwa tunawafuta wote kabla ya kukabidhi, mafundi, wapita njia, wote. Ningekuwa nimejifuta leo saa nne. Wewe umeifungua saa mbili."

"Unampenda."

"Yeye hajui lolote. Hajawahi kunitazama hata kwa bahati mbaya. Akikaa na mimi anazungumza habari zako. Najua hata saizi ya viatu vyako." Alijaribu kucheka, midomo ikakataa. "Nimeomba kuhamishwa. Mwisho wa mwezi naondoka. Kabla ya harusi yenu. Naomba kitu kimoja tu, asijue. Nikionana naye asubuhi nataka niendelee kuwa yule yule wa kompyuta. Tafadhali."

Bi Nyufa alimtazama. Alitamani amchukie, ingekuwa rahisi. Lakini msichana huyu hakuwa ameiba kitu. Alisimama tu mahali, droni ikizunguka, mgongo kwenye bomba, akijifanya ni mkono wa mtu. Mbaya zaidi ni kwamba Bi Nyufa alimwelewa. Na kumwelewa hakukupunguza wivu hata tone, kulimwongezea. Asubuhi alimwogopa mwanamke aliyekumbatiwa. Sasa alimwogopa huyu, anayependa namna hii bila kuomba chochote.

"Sitamwambia," alisema.

Alimkuta Mwewe saa kumi na moja jioni ghalani, akipanga betri kwenye chaja. Mafundi walikuwa wanatoka getini wakipigiana kelele. Hakugeuka, lakini mgongo wake ulijua nani ameingia.

"Mama amenipigia," alisema. "Amelia. Mama yangu halii ovyo."

"Najua."

"Shangazi yako amemwambia harusi hakuna."

"Nitakwenda kwa mama leo leo, nimpigie magoti. Na shangazi nitakwenda naye, hata kwa kumburuta. Nilikosea. Ulikuwa peke yako. Ulikuwa umeshika bomba. Yeye alikuja Jumatatu, kompyuta ikawaunganisha. Nimepanda, nimeligusa bomba lenyewe. Nisamehe."

Sasa Mwewe aligeuka. Alikuwa mchovu usoni, kama mtu aliyebishana na nafsi yake tangu asubuhi.

"Umeligusa bomba."

"Ndiyo."

"Na kama pasingekuwa na bomba? Ungeniamini?"

Ungekuwa wakati mzuri wa kusema ndiyo. Neno lilikuwa tayari kinywani, tamu, na yeye mwenyewe alilitaka. "Nisingekuamini," alisema. "Nilikuwa nimeshakuhukumu. Nakupenda mpaka ninapata wazimu, na hiyo si sababu, lakini ndiyo hali yangu."

Mwewe alichomoa betri moja iliyokwisha kujaa, akaichomeka nyingine, taa nyekundu ikawaka. Bi Nyufa alisimama akisubiri, mikono imelala tu ubavuni, kidole kimoja kikiwa kitupu na alama yake nyeupe.

"Angalau hapo umesema kweli," alisema Mwewe mwishowe. "Ungenidanganya ningejua, na ningeondoka." Akasogea, akamshika mabega yote mawili kwa mikono yake ile. "Sitaki mke ambaye hana wivu. Nitampeleka wapi? Lakini asubuhi ulikuja umeshafunga kesi. Mimi nikifika nyumbani nataka nikute mlango uko wazi, unaniuliza, nakujibu, yanakwisha. Tusifichane. Hata kama jambo ni la aibu, niambie. Na mimi nitakwambia. Unaweza?"

"Naweza."

"Umesema mwenyewe."

"Nimesema mwenyewe."

Aliinamisha kichwa mpaka vipaji vya nyuso vikagusana, na Bi Nyufa akafumba macho. Alisikia harufu yake ya vumbi na jua. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi aliweza kuvuta pumzi mpaka chini. Mwewe alifungua kifungo cha mfuko wa shati, akatoa pete, akaivisha taratibu, akiisukuma pale kwenye kifundo ilipokuwa imeacha mchubuko. Akaubusu mchubuko.

"Ila jambo moja sijalielewa," alisema, bado amemshika mkono. "Paa lile kubwa vile. Mtaalamu alifuata nini pale pale nilipokuwa mimi?"

Kupitia mlango wa ghala ulionekana uwanja wa mradi, na uwanjani Mtaalamu alikuwa anakwenda zake getini, kompyuta kifuani, mtandio wa manjano umefungwa vizuri, hatazami kushoto wala kulia. Bi Nyufa alimwona. Alikumbuka ahadi aliyompa. Lakini hakujidanganya, haikuwa ahadi iliyomfunga mdomo. Aliona tu jinsi Mwewe angegeuka kumtazama yule msichana, mara moja, kwa mshangao, kama mtu aliyepita mlango mmoja kila siku bila kujua kuna chumba. Kutazama huko kumoja hakuweza kukuvumilia.

"Upepo," alisema. "Alijibanza kwenye tangi kukwepa upepo."

"Aa," alisema Mwewe. "Kweli, pale juu unapiga."

Akachukua kofia yake, akamshika mkono watoke. Aliamini hapo hapo. Hakuomba hata kuiona picha.